Fundi Asiyevuka Kizingiti

Dodoma, 4 Novemba 1912

Binti yangu Ruthu,

Nimekuficha jambo moja tangu ulipoolewa, na sitaki kufa nalo. Nitakuambia, lakini si leo. Leo nina furaha kubwa, halafu nina shida ya bomba, na mvua haitanisubiri.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii ya kimya. Nivumilie. Bwana mmoja wa reli amehamishiwa Tabora, akaniachia tangi la chuma. Ni kubwa hata shangazi yako Loisi alipoingia ndani kulisugua hatukumwona tena, ikabaki sauti yake tu ikinilaumu mimi na Wazungu wote. Nimeliweka juu ya mawe ubavuni mwa nyumba, chini ya ukingo wa paa la bati. Mvua ikinyesha, maji yatateremka batini, yaingie tangini, yapite kwenye bomba, yapenye ukutani na kutokea jikoni kwenye bilula ya shaba. Fikiri jambo hilo, Ruthu. Loisi atasimama jikoni mwake, ageuze kiganja, maji yaje. Haendi tena korongoni kufukua mchanga na kungoja maji yajikusanye kwenye kata, na magoti yale aliyonayo. Mimi niliyeanza kujifunza herufi nikiwa na ndevu tayari sikutegemea kuona maji yakija kwa mtu badala ya mtu kuyaendea.

Sasa shida. Nilimchukua Sila, yule anayejitangaza kuwa amefanya kazi ya mabomba stesheni. Baadaye nimejua kwamba kazi yake ilikuwa kufuta masizi kwenye gari moshi. Aliunga mabomba yangu kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mavi ya ng'ombe, kama anayekandika tembe. Loisi alimwuliza kama udongo huo hautayeyuka majini. Akamjibu kwamba tembe la mama yake limesimama tangu kabla Wajerumani hawajaja. Tulipomimina debe la maji kujaribu, debe zima lilitokea kwenye maungio, na kilichofika jikoni kilikuwa tope. Loisi alilizoa, akamfuata nalo Sila mpaka njiani, akamwambia amesahau chakula chake.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Nzuguni kila mchana. Nasikia huko Kondoa yuko fundi aliyeweka mabomba katika nyumba za wakubwa wa boma, na hakuna ungio lake linalovuja. Kama unamfahamu, mwombe aje.

Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa kukaa sana.

Baba yako,
Gideoni Matonya


Kondoa, 15 Novemba 1912

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikacheka mpaka Mishi akaja kuuliza kuna nini. Mishi ni mjukuu wako. Amekwisha kuota meno na kuyang'oa, nawe hujawahi kumwona.

Unamjua vizuri sana fundi huyo ni nani. Jina lake ni Athuman Zaidi, na amenioa mimi. Ungeliandika jina lake, wino usingekauka kalamuni.

Kuhusu Sila, kosa ni lako, Baba, si lake. Fundi humwulizi anajua nini, maana kila fundi anajua. Unamwuliza kazi yake ya mwaka jana iko nyumba gani, unakwenda huko, unalipapasa ungio kwa mkono mkavu. Mkono ukitoka mkavu, ndipo unamwuliza ana nafasi lini. Hili nimelijifunza kwa kuishi na mtu ambaye hata akialikwa karamuni lazima apite nyuma ya nyumba kupapasa mabomba ya mwenyeji.

Nilimwambia asije kwako. Akasema mzee akiomba maji hakataliwi. Basi atakuja na punda wake na vyuma vyake. Lakini jua mapema kwamba hataingia ndani. Ng'ombe wake wa mahari ulituletea habari kwamba walikufa njiani kwa ugonjwa wa sotoka kabla hujawapokea. Alipotaka kutuma wengine, ukasema Mungu ameshaamua. Kwenu Ugogoni na kwetu hapa desturi ni ileile: mkwe ambaye ng'ombe wake hawakupokewa hakanyagi kizingiti cha baba mkwe, wala hawatazamani uso kwa uso. Mwenzangu huyu ni mtu wa desturi. Nyumba itakuwa inaungua, atasimama nje akikurushia maji dirishani.

Nami siji. Nimesema hivyo toka mwanzo na sijabadilika. Ndugu zako wa Mvumi hadi leo wananitaja kama mwanamke aliyekwenda kukaa kwa mtu bila ndoa. Siwezi kulala ndani ya nyumba ambayo mume wangu analala nje ya ukuta wake.

Jambo ulilonificha, liseme. Usiniweke kama mtoto anayengojeshwa asali.

Msalimie shangazi Loisi. Mwambie kazi yake ya tope nimeisifu.

Mwanao,
Ruthu


Dodoma, 1 Desemba 1912

Ruthu mwanangu, marahaba.

Amefika. Sijui nianzie wapi, maana tangu afike nyumba hii ina kelele kama stesheni siku ya gari moshi, na mimi sijalala mchana hata mara moja kwa kuogopa kukosa jambo.

Ulisema kweli kwamba haingii. Alifunga punda kwenye mkwaju, akasimama mbali na mlango, akageuza uso upande, akamwuliza Loisi mabomba yanapita wapi. Loisi akamwambia aingie aone mwenyewe. Akasema ataona kwa nje. Nikadhani ni mzaha. Ruthu, mtu huyu ameipima nyumba yangu yote kwa nje. Alipita akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akamwambia Loisi, "Hapa nyuma yake pana kabati. Hapa pana kitanda cha mzee. Hapa ndipo jikoni." Loisi alikuja ndani akaniambia tuanze kuficha vitu vyetu.

Uchafu wa Sila aliukwangua wote. Anachukua uzi wa katani, anauchovya kwenye rangi nyekundu nzito, anauzungusha kwenye meno ya bomba kama mama anayesuka mwanawe kwa ajili ya harusi, kisha ndipo anakaza. Nilimwomba Loisi asogeze kiti changu karibu na ukuta wa jikoni, pale alipokuwa akitoboa njia ya bomba. Nilikaa nikisikia patasi inakuja kwangu kidogo kidogo, tofali linalia, vumbi linaanguka magotini. Mwishowe mwanga ukaingia, tundu la kutosha ngumi mbili.

Sauti ikatoka ukutani. "Mbukwenyi, mzee." Amejifunza salamu yetu. Nikaitikia. Tangu niwe baba mkwe wake sijawahi kusemezana naye.

Nikamwuliza, "Unaniona?"

"Naona kanzu yako, mzee. Na ncha ya ndevu."

"Basi ondoa jicho, na mimi nione."

Akaondoa. Nikatazama, nikaona bega, na sikio, na mkono wenye rangi nyekundu mpaka kiwikoni. Ana sikio dogo kwa mtu mkubwa namna ile. Nilikaa na kujiuliza kama Mishi analo hilo.

Tangu hapo bomba limechelewa, na kosa ni langu. Kila anapotaka kulipitisha, mimi nina swali. Nimemwuliza habari za karakana ya reli alikojifunza, na za chemchemi ya Kondoa, na kwa nini chuma kinaota kutu upande mmoja. Nimemwuliza wewe unapika nini. Akasema unapika vizuri isipokuwa siku unayoimba. Naye ameniuliza mambo ya Mpwapwa ya zamani, na jinsi nilivyokuwa mkalimani bomani, na kama ni kweli kwamba niliwahi kumtafsiria afisa tusi la mzee mmoja kuwa ni baraka. Nikamwambia ni kweli, na afisa alimshukuru. Alicheka mpaka patasi ikamwanguka. Jana Loisi aliweka sahani ya ugali wa uwele na mlenda ukingoni mwa tundu, nusu ndani nusu nje, mkono wa Athuman ukachota kule na wangu ukachota huku. Loisi alisema katika maisha yake hajawahi kuwalisha watu kupitia ukuta, na kwamba mbuzi wana adabu zaidi.

Lile jambo sijalisahau. Nangoja maji yatoke kwanza.

Mimi ni mzima.

Baba yako,
Gideoni


Dodoma, 3 Desemba 1912

Mama Mishi, asalaam alaykum.

Mimi ni mzima, na punda ni wazima. Kazi ya nje imekwisha, na ni kazi nzuri, utaiona ukija. Lakini nakuandikia kwa mambo mawili ambayo baba yako hatakuandikia.

La kwanza ni yeye mwenyewe. Mimi nimekaa siku zote hizi nikimsikia bila kumwona, na mtu usiyemwona unamsikia zaidi. Kifua chake kinachemka kama birika. Akisema maneno machache anapumzika, anajifanya anatafakari. Ile sahani tuliyokula pamoja, alichokula yeye ni kidogo kuliko kilichowaangukia kuku. Shangazi Loisi alinifuata kwenye mkwaju akaniambia miguu imevimba mpaka mapajani, chakula hakikai, na mganga wa misheni ya Mvumi aliyemtazama alimshauri aweke mambo yake sawa. Shangazi amekatazwa kukuambia. Mimi sikukatazwa, kwa sababu hajui kwamba najua.

La pili ni bomba. Limebaki ungio moja tu, kule ndani, kwenye pembe ya jikoni ambapo bomba linakata kona kwenda kwenye bilula. Hilo halifikiki kwa nje. Linataka spana mbili na mikono ya mtu mzima, moja ishike na nyingine ikaze. Tulijaribu na shangazi. Nilimpitishia spana kwenye tundu, nikamwambia ageuze kulia. Akauliza kulia kwake au kwangu, maana tumetazamana. Tukabishana. Akageuza, ungio likafunguka zaidi, akaniambia nimemwelekeza vibaya makusudi ili nipate kukaa. Nilimwambia mzee aite kuli yeyote wa stesheni mwenye nguvu, nimwelekeze kupitia tundu. Nilisikia akilipapasa bomba. Kisha akasema, "Ungio hilo halitashikwa na mkono mwingine." Nikamwambia mvua i karibu. Akasema anajua.

Sielewi anachongoja. Hasemi niingie, na hakubali aingie mwingine. Mwandikie wewe. Mwambie aseme ng'ombe anaowataka, wa rangi yoyote, nitawaleta. Nimeketi kwenye ukuta wake kiasi cha kutosha kujua kwamba sikasiriki tena.

Nibusie Mishi.

Mumeo,
Athuman


Kondoa, 12 Desemba 1912

Baba, shikamoo.

Unakufa, na unaniandikia habari za bilula.

Sitaki kusikia habari za miguu kuvimba kwa kukaa. Athuman ameniambia, na usimlaumu, wala usimlaumu shangazi. Kama hilo ndilo jambo ulilonificha, basi limefichuka. Lakini nadhani silo, kwa sababu uliliita la tangu nilipoolewa, na ugonjwa wako si wa zamani hivyo. Mimi ni mwanao, najua unavyohesabu maneno yako.

Sikiliza. Ng'ombe wako tayari. Kaka yake Athuman amewatenga, wazuri kuliko wale waliokufa. Sema neno moja tu, watoke. Usiposema, sawa. Nimelivunja neno langu mwenyewe: nakuja. Natoka kesho na msafara wa wafanyabiashara wa asali, na Mishi atakaa juu ya punda. Lakini jambo moja sikulivunja. Sitalala ndani wakati mume wangu yuko nje. Nitalala naye chini ya tangi lako, mimi na mtoto, na mvua ikinyesha itunyeshee. Utatusikia kupitia tundu lako tukikohoa.

Mishi ananiuliza kama babu ana mlango. Nimemwambia anao.

Mwanao,
Ruthu


Dodoma, 20 Desemba 1912

Ruthu mwanangu,

Imenyesha.

Ilinyesha jana alasiri, na sijawahi kusikia sauti kama ile. Wingu lilitoka Nzuguni, safari hii halikutawanyika. Lilikuja jeusi na ukingo mweupe, upepo ukatangulia na vumbi jekundu, kuku wakakimbilia uvunguni. Kisha matone makubwa juu ya bati, moja, halafu moja, halafu hatukusikiana tena. Athuman alikuwa amepanda juu ya mawe akilikumbatia tangi kama anayemzuia ng'ombe asiruke. Akapiga kelele kwenye tundu kwamba maji yameshika nusu, nami nikapiga kelele kwamba nimesikia, nikakohoa mpaka Loisi akanishika. Athuman alilegeza kizibo cha tangi kidogo tu tujaribu. Ruthu, maji yalikuja. Niliweka kiganja juu ya bomba nikayahisi yakipita ndani, baridi, yanakwenda mbio. Yakafika kwenye lile ungio la pembeni, yakarukia nje usoni mwa Loisi. Akasimama pale analowa, anacheka, anatukana, anasema tuongeze. Ikabidi Athuman azibe tena. Tangi limejaa mpaka mdomoni, na bilula yangu ni kavu kwa sababu ya ungio moja.

Usiku umepita na nimeamka na nguvu, ndiyo maana naandika sasa. Najua nguvu hii, nimeiona kwa wagonjwa wengine, haikai. Barua yako imenifikia kwa mtu aliyewatangulia njiani. Amesema msafara wenu utalala Nzuguni leo. Hii itakukuta huko. Lakini kabla haijaja kwako, naipitisha wazi kwenye tundu la bomba, ili yule aliye upande wa pili aisome kwanza. Kwa hiyo naandika kwenu wawili.

Ulisema ugonjwa silo jambo nililokuficha, na ni kweli. Nisikilize.

Ulipoondoka, nilisimama barazani mbele ya wazee na watu wa kanisa, nikasema hakuna kwato ya Kondoa itakayoingia zizini mwangu kwa ajili ya binti yangu. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa kanisa. Nusu ya waliokuwa pale niliwafundisha mimi kusoma Injili, nami nilitaka wanione sitikisiki kwa binti yangu kuolewa na Mwislamu. Walinisifu. Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Wakati huohuo mshenga wetu, Bartolomayo wa Nzuguni, aliwapokea ng'ombe kutoka kwa wachungaji wa Athuman ili awalete kwangu mwenyewe hatua ya mwisho, kama ilivyo desturi. Akaniita. Nilikwenda nikiwa nimekusudia kuwarudisha. Bartolomayo akaniuliza kama najua maana ya kuwarudisha. Nilijua. Ningekufanya uwe mwanamke asiye na mume, na watoto wako wasio na ukoo. Na kuwaingiza zizini mwangu mchana, mbele ya wale walionisifu, sikuweza. Basi nilisimama pale, kati ya wewe na sifa zangu, nikaona njia ya kuvipata vyote viwili. Unajua sisi Wagogo tunavyogawa mifugo kwenye mazizi ya marafiki, hata mtu hawezi kusema nani ana nini. Hakuna aliyeuliza. Bartolomayo anakunywa maziwa yao hadi leo, na wamezaa.

Nilijiambia kwamba nimekulinda. Lakini nilikulinda mahali ambapo hakuna aliyeona, hata wewe. Nimekaa kwenye kiti hiki wiki hizi nikimsikia mtu mwenye haki yote akiuzunguka ukuta wangu kwa heshima, akichota ugali wangu kwa mkono mmoja, na kila mara nilipofungua mdomo nilimwuliza habari za kutu. Nilimkatalia kuli kwa sababu nilijua ungio hilo ni lake. Sikuweza kumwita aingie bila kusema kwa nini anaweza.

Ruthu, kesho mtalala ndani, wewe na mtoto. Loisi ametandika. Mlango uko wazi na ameuwekea jiwe usijifunge kwa upepo.

Athuman, spana zako mbili ziko hapa mezani. Ukimaliza ungio ndipo umpelekee mkeo barua hii, na mwambie ng'ombe atakaowaona jioni hii zizini kwa Bartolomayo ni wa mahari yake. Hawakufa kwa sotoka. Walifika wazima wote, na mimi, kwa mkono huu, niliwapokea.

Baba yenu,
Gideoni Matonya